Mashine ilikuwa inakojoa vizuri: kisa cha silinda ya juu iliyonoki mara mbili

Kazi ninayoieleza hapa, ya kutengeneza mashine ya boti iliyonoki (yaani pistoni yake imekamata ndani ya silinda), niliifanya vibaya mara ya kwanza, kisha nikalazimika kuirudia. Naiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wa mashine za boti, na kwa wenye vyombo wanaotaka kujua fundi anatafuta nini anapoifungua mashine yao. Majina ya watu, diko lenyewe (mahali boti zinaposhusha samaki) na chapa ya mashine nimeviacha. Vipimo ni vile vilivyo kwenye daftari langu.

## Chombo na watu wake

Boti ni ya faiba, inavua dagaa usiku kwa taa, pwani ya kusini mwa Tanzania. Mashine yake ni ya viharusi viwili (tustroki), nguvu za farasi 40, silinda mbili zilizokaa moja juu ya nyingine, kila moja na kabureta yake. Haina pampu ya oili, kwa hiyo oili inachanganywa na petroli kwenye dumu kabla ya safari. King'ora cha joto haina.

Mwenye boti ni mama anayenunua na kukausha dagaa. Yeye haendi baharini, hesabu tu ndiyo yake. Safari ikirudi, hutolewa kwanza gharama za petroli, oili na chakula, kinachobaki kinagawanywa, na katika mgao huo mashine ina fungu lake kama vile ni baharia mmojawapo. Mashine ikifa, wanakosa wote. Na swali la nani kaiua si la kiufundi peke yake, ni swali la nani atakatwa fedha. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana ndilo lililonichoma zaidi katika kisa hiki.

Jambo jingine ni mwezi. Dagaa wa taa wanavuliwa wakati wa giza; mwezi ukiwa mkubwa boti hupumzika. Mashine hii ililetwa kwangu giza lilipokuwa linaanza, na kila usiku ulioipita ikiwa mezani kwangu ulikuwa usiku wa njaa kwa watu kumi na zaidi. Nilifanya haraka. Sisemi hivyo kujitetea, lakini haraka ile ina sehemu yake.

## Mashine ilivyoletwa

Nahodha alinieleza hivi: "Fundi, inawaka vizuri, mvuto mmoja tu wa kamba. Nikizungusha mkono wa mafuta ukapita nusu inakuwa nzito, inalegea kama kuna mtu kaishika. Nikiiacha ikapoa kidogo, inakubali tena."

Jibu la kisa chote limo ndani ya maneno hayo, na nilikaa nayo wiki nzima bila kuyasikia.

Nilimuuliza swali ambalo kila fundi wa mashine za maji huuliza: "Inakojoa?" Akasema inakojoa, tena kwa nguvu. Niliitia mashine kwenye pipa, nikaiwasha, na kweli ule uzi wa maji ulitoka nyuma mnene na umenyooka. Nikaandika kwenye daftari: maji sawa.

Kisha nikapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Plagi zote mbili nje, waya zake nimezigusisha kwenye bodi ili koili isipige hewani ikaungua, mkono umefunguliwa hadi mwisho, kamba ikavutwa mpaka mshale wa geji ukaacha kupanda. Silinda ya chini ilisoma pauni 115 kwa inchi ya mraba. Ya juu ilisoma 75. Katika mashine ya namna hii mimi huanza kuhangaika silinda zikipishana kwa zaidi ya asilimia kumi, na hapa tofauti ilikuwa zaidi ya theluthi. Hakukuwa na haja ya kubishana, ilibidi ifunguliwe.

Plagi zenyewe zilikuwa na la kusema. Ya chini ilikuwa na rangi ya kahawa, ndiyo rangi tunayoitaka. Ya juu ilikuwa imepauka, karibu nyeupe, na juu ya kaure yake mlikuwa na chembe ndogo zinazong'aa. Chembe zile ni alumini ya pistoni. Ukiziona kwenye plagi, pistoni imekwisha kuyeyuka mahali.

## Nilichokiona ndani, na nilivyokisoma

Nilifungua silinda hedi. Pistoni ya juu ilikuwa na michirizo minne ya wima kuzunguka mwili wake, mrefu zaidi ukiwa upande wa ekzosti. Ringi ya kwanza ilikuwa imekwama kwenye mfereji wake. Ukutani mwa silinda kulikuwa na mapaka ya alumini yaliyoachwa na pistoni, lakini ukucha ukipita haukwami sana. Silinda ya chini ilikuwa safi, na alama za honi (mikwaruzo myembamba ya kusugulia ukuta) za kiwandani bado zinaonekana.

Nikashuka kwenye kabureta. Ile ya juu ilikuwa na utando wa kijani chini ya bakuli, na tundu moja dogo la jeti, linalopitisha petroli, lilikuwa limeziba nusu. Nilipouona uchafu ule nilifurahi kama mtu aliyemkamata mwizi na kuku mkononi. Kabureta ya juu chafu, silinda ya juu imeungua, plagi ya juu imepauka: petroli haitoshi, hewa imezidi, joto limepanda, pistoni imevimba ikakamata. Hadithi imekamilika.

Halafu nikaongeza kosa. Mama mwenye boti alipouliza kama kuna uzembe, nilisema kwamba huenda na oili ilikuwa pungufu, kwa kuwa pistoni iliyochubuka namna ile "huwa inakosa oili". Nahodha alinitazama bila kusema kitu. Alikuwa na chupa yake ya maji ya nusu lita, kaikwaruza mstari kwa msumari kwenye mililita 400, na kila dumu la lita 20 lilipata chupa moja hadi mstarini. Hicho ni kipimo cha 50 kwa 1 kamili, kama kitabu cha mashine kinavyotaka. Sikumuuliza hata anapimaje.

## Matengenezo ya kwanza

Niliyafanya haraka. Mapaka ya alumini niliyatoa kwa msasa laini wenye maji, nikapiga honi ili kuta zishike oili, nikapima kwa ringi mpya: niliisukuma ndani ya silinda kwa pistoni ili ikae sawasawa, nikapima uwazi wa ncha zake kwa fila geji (majani membamba ya chuma ya kupimia uwazi), nikaona bado silinda inabeba pistoni ya saizi ya kawaida. Nikaweka pistoni mpya, ringi, bering ndogo ya juu ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) na gasketi mpya ya hedi. Kabureta zote mbili nikazisafisha. Krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, sikuifungua. Kifuniko cha ekzosti sikukigusa, maana boliti zake zilikuwa zimeshikwa na chumvi na nilijua nikianza nazo siku nzima itakwisha.

Nikaijaribu kwenye pipa kwa dakika 15. Ilinguruma vizuri, kompresheni ya juu ilipanda hadi 108, na ilikojoa kama kawaida. Boti ikatoka jioni ile ile. Sehemu ya gharama ikakatwa kwenye mgao wa nahodha, kwa neno langu.

## Usiku wa tatu

Usiku wa kwanza na wa pili walikwenda karibu na kurudi. Usiku wa tatu kusi ilikuwa imetulia, wakafuata dagaa mbali, na wakati wa kurudi, na mzigo umejaa, mashine ililegea, ikapiga kelele ya chuma, ikakata. Kamba haikuvutika tena. Walitupa nanga wakakaa hadi alfajiri, wakavutwa na boti nyingine. Mzigo ulifika umeharibika nusu.

Nahodha aliiweka mashine mezani kwangu kwa mikono yake mwenyewe. "Oili niliweka zaidi ya mstari, fundi," alisema. "Harufu yake ilitujaa puani njia nzima."

## Kuifungua upya

Safari hii sikushika spana kwanza. Nilichukua kipande cha boksi nikaandika washukiwa watatu, na chini ya kila mmoja nikaandika alama anazotakiwa kuacha na alama ambazo hatakiwi kuziacha.

Oili ikiwa pungufu, silinda zote mbili zinakunywa dumu moja. Zitaumia zote, hata kama si sawa, na bering za krenki zitaanza kubadilika rangi. Silinda ya chini haikuwa na mkwaruzo mara zote mbili. Mshukiwa huyu hakuwa na kesi tangu siku ya kwanza, na ushahidi wa kumwachia ulikuwa mezani kwangu wakati nikimhukumu.

Kabureta ikiwa imeziba, silinda moja tu huumia, hilo ni kweli. Lakini kabureta ya juu nilikuwa nimeisafisha siku tatu zilizopita. Niliifungua tena: safi. Na mashine inayokosa petroli upande mmoja mara nyingi huonyesha mapema, hutetemeka na kukohoa ikiwa katika mwendo mdogo. Nahodha hakuwahi kulalamika mwendo mdogo.

Maji. Maji niliyafuta siku ya kwanza kwa sababu ya mkojo. Hapo ndipo nilipolazimika kukaa chini nikayafuata tangu yanapoingia. Impela iko mguuni, inazungushwa na shafti ndefu, inasukuma maji kupitia bomba hadi juu. Yakifika juu yanapita kuzunguka njia ya ekzosti, yanaingia kwenye koti la silinda (njia ya maji inayoizunguka), yanapanda hadi hedi, yanafika kwenye themostati (kizibo kinachofunguka maji yakipata moto), ndipo yanapotoka. Mkojo je, unachukuliwa wapi? Katika mashine hii tundu lake limechepuka mapema, kabla maji hayajaingia kwenye koti la silinda ya juu. Kwa maneno mengine, mkojo unashuhudia kwamba impela inasukuma. Hauna habari yoyote ya kinachotokea mbele yake. Sehemu iliyoziba ikiwa mbele ya mchepuko, mkojo unaweza hata kuongezeka, kwa sababu maji yaliyokosa njia yanatokea hapo.

Ongeza na hili: mvuke na hewa hupanda. Maji yakipungua, silinda ya juu ndiyo inayokauka kwanza. Na ile michirizo minne kuzunguka pistoni ni alama ya pistoni iliyovimba kwa joto ikagusa ukuta pande zote. Nilifundishwa hivyo nikiwa bado nashika taa tu kwa fundi wangu. Niliiona, na sikuiheshimu.

Kifuniko cha ekzosti kikalazimika kutoka. Bodi ni alumini, boliti ni za chuma kingine, na katikati yake kuna maji ya chumvi: miaka michache tu vinashikana kana kwamba vimechomelewa. Nilizipasha moto taratibu, nikazimwagia mafuta ya kulegezea, nikawa nakaza kidogo ndipo nafungua kidogo, nakaza, nafungua. Hata hivyo mbili zilikatika. Ya kwanza niliichomelea nati juu ya kisiki chake, ikatoka nayo. Ya pili ilikataa katakata, ikabidi kutoboa na kupiga tapu (kuchonga nyuzi za boliti) upya. Siku ilikwisha, kama nilivyoogopa mara ya kwanza.

Nyuma ya kifuniko kulikuwa na ukoko wa chumvi wa kutosha kuunga mchuzi. Nilipoukwangua kwa kijiti cha mbao (usitumie bisibisi hapo, alumini inachimbika) kikatokea kitu cheusi na laini. Mpira. Kilikuwa kimekaa mdomoni mwa tundu linalopeleka maji kwenye koti la silinda ya juu. Karibu yake kulikuwa na vipande vingine viwili vidogo.

Nikamwita nahodha. Akavitazama, akamtuma mpwa wake nyumbani. Kijana alirudi na kopo la maziwa lenye spea za zamani, na ndani yake mlikuwa na impela waliyoitoa wenyewe ufukweni miezi minane iliyopita. Impela ya mashine hii ina mapanga sita. Ile ya kwenye kopo ilikuwa na manne. Tulivipanga vile vipande juu ya meza: kimoja kilikuwa panga zima, na viwili vilivyobaki viliungana vikawa panga jingine. Sita zikatimia. Vingepungua, ningeendelea kuchokonoa hadi kesho yake.

Naamini kipande kikubwa kilikuwa kinafanya kazi kama mlango. Mwendo ukiwa mdogo, msukumo wa maji ni mdogo, nacho kinalala pembeni. Mkono ukizungushwa, maji yanakikandamiza mdomoni mwa tundu, na silinda ya juu inakauka. Mashine ikipoa, kinadondoka. Ndiyo maana "nikiiacha ikapoa kidogo, inakubali tena". Ndiyo maana pia pipa langu liliisifu.

## Matengenezo ya pili

Sasa ukuta wa silinda ya juu ulikuwa na mitaro ambayo ukucha ulikwama. Honi haitoshi hapo, ni kuchonga. Kuna kanuni ambayo vijana wengi wanaipindua: nunua pistoni ya ovasaizi (kubwa kidogo kuliko ya kawaida) kwanza, ipeleke pamoja na bodi kwa mchongaji, achonge kufuata pistoni ile ile. Uwazi kati ya pistoni na ukuta ni wa sehemu ndogo sana za milimita, na pistoni mbili za boksi tofauti hazilingani kabisa. Tulianza na wazo la kuongeza milimita 0.25, lakini mchongaji alipopima mtaro mzito kuliko yote akasema hautafutika, tukaenda 0.50.

Je, tuchonge na ya chini? Mama alitaka zote zifanane. Geji ya mchongaji ilionyesha silinda ya chini iko katika kipimo, haijawa yai, haijapanuka chini. Nilimshauri aiache. Kila kuchonga ni akiba inayotumika, na bodi haina akiba nyingi.

Krenki niliifungua safari hii. Pistoni inapochubuka, unga wa alumini haupotei, unashuka chini kwenye bering. Mara ya kwanza nilifunga pistoni mpya juu ya uchafu wa ile iliyokufa. Nilikuta unga wa fedha umetulia pembeni mwa nyumba ya krenki. Niliosha kila kitu kwa petroli safi, nikazungusha bering zote kwa mkono nikisikiliza, nikabadilisha ya konrodi ya juu na oili sili zote mbili za krenki. Sili ya krenki katika mashine ya viharusi viwili ni kitu kinachodharauliwa, wakati ikivuja inaingiza hewa, na silinda inapauka vile vile kama kabureta iliyoziba.

Hedi niliilaza juu ya kioo kinene nikapitisha fila geji pembeni: ilikuwa imepinda kwa milimita 0.15 kwa ajili ya joto. Nilibandika msasa kwenye kioo, nikaisugua kwa mwendo wa namba nane hadi jani la 0.10 likakataa kupita. Wakati wa kufunga, boliti zilikazwa kwa mizunguko miwili kufuata namba zilizochongwa juu ya hedi, kuanzia katikati kwenda nje. Pistoni niliielekeza alama yake ya juu upande wa flaiwili, na ncha za ringi nikazikalisha kwenye pini zake. Ringi iliyopanda juu ya pini huvunjika mvuto wa kwanza.

Kwa kuwa mguu ulikuwa umetoka, niliangalia na oili ya gia. Ilitoka kama chai ya maziwa. Nyuma ya propela kulikuwa na mshipi umejizungusha na kuikata sili ya shafti. Halikuhusiana na kisa chetu, lakini gia zingefuata. Sili mpya, oili mpya.

Na impela? Ile iliyokuwemo ilikuwa nzima, ila mapanga yake yalishalala upande mmoja. Tuliibadilisha pamoja na bamba lake.

## Jaribio na matokeo

Pipa nilitumia kuhakikisha tu kwamba inawaka na haivuji. Jaribio lenyewe lilikuwa baharini, boti imebebeshwa madumu ya maji, saa moja na nusu. Niliazima kipimajoto cha mwanga, kile cha kuelekeza bila kugusa, nikapima hedi juu na chini kila baada ya dakika kumi huku tukiongeza mkono hatua kwa hatua. Silinda ya juu ilitulia kwenye nyuzi 58, ya chini 55. Anayekosa kifaa hicho ana njia ya wazee: dondosha maji juu ya hedi. Yakikauka taratibu huna shida, yakiruka na kuchemka zima mashine.

Saa kumi za kwanza walikwenda na oili mara mbili, mililita 800 kwa lita 20, bila kushikilia mwendo mmoja kwa muda mrefu na bila kufungua mkono wote. Baada ya hapo plagi zote mbili zilikuwa rangi ya kahawa. Kompresheni ilisoma 116 juu na 114 chini. Niliipima tena baada ya miezi sita: 115 na 114.

Gharama ya pili ilizidi ya kwanza zaidi ya mara tatu, ukiacha mzigo ulioharibika na siku za giza zilizopotea. Pistoni niliyoifunga mara ya kwanza niliilipa mimi, na kazi ya mara ya pili sikuidai. Jambo la oili nililisema mbele ya mama na mabaharia pale pale dikoni, palipokuwa pamesemwa mara ya kwanza. Mama alimrudishia nahodha fedha zake kwenye mgao uliofuata. Nahodha alizipokea, akaniambia, "Fundi, siku nyingine niulize kwanza nachanganyaje."

## Uchambuzi

Kosa langu kubwa halikuwa kutofungua kifuniko cha ekzosti. Lilikuwa kuuliza swali lenye jibu dogo na kulipokea kama jibu kubwa. "Inakojoa?" ni swali la impela. Nimelitumia miaka mingi kama swali la joto, na pengine mara nyingi nimepata bahati. Siku hizi nauliza pia: inalegea ikiwa baridi au ikishapata moto? Inalegea na mzigo au hata bila mzigo? Ikipoa inarudi? Nahodha wangu alikuwa na majibu yote matatu, na aliyatoa bila kuulizwa.

Kabureta chafu ndiyo iliyonifunga macho. Ilikuwa tatizo la kweli, ilistahili kusafishwa, na haikuwa chanzo. Mashine ya baharini ukiifungua popote utakuta kasoro. Petroli ya madumu ina maji, chumvi inaingia kila mahali. Nilipata kasoro ya kwanza nikaacha kutafuta. Ningejiuliza kidogo tu ningeona kwamba tundu lililoziba nusu halielezi kwa nini mashine ilikuwa ikipona yenyewe ikipoa. Jeti haizibuki kwa kupoa.

Jaribio la pipa lilinidanganya kwa namna nyingine. Mashine ndani ya pipa haibebi kitu, propela inakoroga maji tu. Joto la kuunguza pistoni linakuja na mzigo, na mzigo uko baharini. Dakika 15 zile zilinipa ujasiri ambao sikuwa na haki nao.

Kuhusu kijana aliyebadilisha impela ufukweni, sina la kumlaumu zaidi ya mafundi tunaolipwa. Aliifunga impela sawasawa. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba mapanga yanayopungua yamekwenda juu na mashine haiyatemi. Ukitoa impela, yahesabu. Yakipungua, kazi haijaisha mpaka umeyapata yaliyobaki, hata kama mkojo ni mzuri kiasi gani. Ufukweni pale hakuna anayesuuza mashine kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, baada ya safari, maana maji ya kisima yanabebwa kichwani, na bila ukoko wa chumvi kubana njia pengine vile vipande vingekwama mahali pasipo na madhara makubwa. Nimewashauri waweke pipa moja dikoni, litumiwe na boti kadhaa kwa zamu, dakika kumi kila mashine mara moja kwa wiki. Pipa lipo. Zamu ndiyo bado inasuasua.

Kilichofanya kazi ni kile kipande cha boksi. Kumwandikia kila mshukiwa alama zake kulichukua robo saa, na robo saa ile ingeokoa pistoni moja, silinda moja na heshima ya mtu. Kingine ni kile kopo la maziwa. Tangu siku ile nawaambia mabaharia wasitupe spea mbovu mpaka msimu uishe. Kitu kilichovunjika kinajua kipande chake kiko wapi.

Limebaki jambo moja ambalo mafundi wa diko letu hatujakubaliana. Nilipofungua hedi mara ya pili nilikuta themostati haimo, imetolewa zamani, kama zilivyotolewa katika nusu ya mashine za pwani hii, kwa imani kwamba ikikwama itaunguza mashine. Nilinunua mpya, nikaichemsha kwenye sufuria pamoja na kipimajoto, nikaiona inaanza kufunguka karibu na nyuzi 50, nikaifunga. Hoja yangu ni kwamba bila themostati mashine inatembea baridi katika mwendo mdogo, na wavuvi wa taa wanatumia muda mrefu sana katika mwendo mdogo. Plagi zinalowa, masizi yanajaa kwenye ekzosti, ringi zinakwama. Mwenzangu wa gereji ya pili anasema maji ya chumvi yataikwamisha ndani ya mwaka na nitarudi kwenye pistoni nyingine. Tumekubaliana kuzifungua mashine zetu wakati kaskazi ikianza, yangu yenye themostati na yake isiyo nayo, na kuzilaza pistoni za mashine zote mbili juu ya meza moja.